Waliniongezea busti, gari ikazidi kuchoka

Sitaki kusikia tena neno "busti", yaani presha ya hewa ambayo turbo inaisukumia injini, likitoka mdomoni mwa fundi yeyote wa Dar.

Wiki kadhaa zilizopita nilipeleka Forester yangu ya turbo gereji, kubadilisha ea klina tu, ile filta ya hewa. Ikarudi nzito. Ukikanyaga mafuta, turbo inapiga mluzi mrefu, gari yenyewe imetulia. Nikarudi kulalamika. Kijana hata ea klina hakuigusa, akachomeka laptop: "Dada, hapa ni busti tu. Presha ndiyo nguvu." Akapandisha presha kutoka baa 0.9 hadi 1.2 (baa ni kipimo cha presha), laki na nusu ikaenda. Nilipouliza tatizo hasa ni nini, akawageukia wenzake wakacheka. "We endesha dada, ufundi tuachie sisi."

Geji ikasoma 1.2 kweli. Nikajisuta, labda nimemwonea mtoto wa watu.

Hadi Kitonga, ule mlima wa kuelekea Iringa. Kona za juu kule, lori lenye tela linanipigia honi nyuma, mimi nimekanyaga hadi mwisho, injini inagonga kama mtu anatwanga kisamvu ndani yake, taa imewaka.

Ilula, pale kwenye nyanya, mzee mmoja akafungua boksi la ea klina, akavuta tambara. La kufutia mikono! Grisi tupu! Bahati lilinasa kabla ya filta.

"Mwanangu, hii imezibwa pua halafu inalazimishwa kupuliza tarumbeta."

Nikaelewa siku hiyo. Turbo ilikuwa inavutia hewa kwenye upenyo mdogo, kwa hiyo inazungushwa kupita kiasi ili ifikishe hiyo 1.2 yao, na hewa ikishindiliwa hivyo inachemka. Hewa ya moto ni nyepesi. Geji inaonyesha presha kubwa, ila hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo. Intakula ya Forester nayo, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, iko juu ya injini, inapozwa na upepo wa lile tundu la boneti. Kitonga unapanda kikonokono, upepo utoke wapi? Kompyuta ikisikia injini inagonga, inachelewesha cheche za plagi kuilinda, na nguvu iliyobaki inakwenda na maji.

Mzee alichukua elfu kumi. Gari ikapanda hadi Iringa inaimba.

Nilipanga kuwapa nyota moja wale wa Dar. Lakini haki yao niwape, breki walizonifungia mwaka juzi hazijanisumbua hadi leo. Basi, nyota mbili. Nikawapigia kuwaeleza, akapokea kijana yuleyule wa laptop.

"Aah, kumbe tambara letu lilikuwa kwako? Uje nalo dada."

Sifuri.