Uzoefu wangu na kliniki ya fiziotherapia Ngong Road baada ya upasuaji wa ACL (kano ya katikati ya goti)

Niliumia nikicheza mpira wa miguu Camp Toyoyo, uwanja wa Jericho, Nairobi. Niligeuka na mpira, hakuna aliyenigusa, nikasikia goti la kushoto likilia "pwa". Wiki saba baadaye nilifanyiwa upasuaji. Kano iliyokatika ilijengwa upya kwa kano iliyotolewa nyuma ya paja langu mwenyewe.

Wiki tano za mwanzo nilihudhuria mahali pengine, karibu na nyumbani. Nilikuwa nawekewa taulo la moto, nakandwa kwa mafuta, kisha naambiwa tuonane Alhamisi. Hakuna aliyepima chochote. Nilipoacha magongo nilikuwa nachechemea, goti halinyooki mpaka mwisho, na paja limenywea hadi suruali inapwaya upande mmoja.

Kipa wetu ndiye aliyenielekeza Ngong Road. Siku ya kwanza mtaalamu alitoa utepe kama wa fundi cherehani, akachora mstari kwa kalamu juu ya pia ya goti, akapima mapaja yote mawili. Kushoto kulipungua sentimita 4. Kisha akaviringisha taulo, akaliweka chini ya kisigino changu, akaniacha nimelala hivyo dakika kumi, goti likining'inia na kushuka lenyewe polepole. Niliuma meno. Nilipouliza mazoezi ya nguvu yataanza lini, akasema, "Bado, dada. Kwanza linyooke."

Alinieleza kitu ambacho sikuwahi kuambiwa: goti lililovimba huzuia ujumbe kutoka kwenye ubongo kufika sawasawa kwenye msuli wa mbele ya paja, kwa hiyo unaweza kukaza kwa moyo wote na msuli ukabaki umelala. Alinibandika vibandiko vya mashine ya umeme ya kuamsha msuli, akaniambia nikaze pamoja nayo. Siku ya tatu niliona nyama juu ya goti ikicheza kidogo. Nililia, nasema kweli.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nzito na ndefu: baiskeli ya kusimama, kuchuchumaa, kupanda kijukwaa kwa mguu mmoja, kusukuma chuma. Mwezi wa tatu ndio ulionitesa zaidi, kwa sababu maumivu yalikuwa yameisha na nilijiona nimepona. Kumbe kano mpya huwa dhaifu kipindi hicho, mwili ukiwa bado unaijenga. Kocha alikuwa ananipigia simu kila wiki. Daktari wangu wa mazoezi (ndivyo ninavyomwita) alinionyesha utafiti wa Delaware na Oslo wa mwaka 2016: kila mwezi mtu aliosubiri kurudi mchezoni, mpaka kufika mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena goti ilipungua kwa takriban nusu. Nikamwambia kocha asinisubiri msimu huo.

Hapa hawatumii kalenda peke yake. Mwezi wa 5 nguvu ya paja la kushoto ilikuwa asilimia 61 ya la kulia. Mwezi wa 8, asilimia 84, nikakatazwa kucheza mechi. Wanataka angalau 90, na unaruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo huku wakipima umbali kila upande.

Gharama ni shilingi 2,500 kwa kikao, nilienda mara mbili kwa wiki, na kutoka Jericho ni matatu mbili. Si pesa ndogo. Jioni pamejaa mno: mashine ya kunyooshea goti ni moja tu, unaweza kusubiri nusu saa huku mwili umepoa, na hilo lazima walirekebishe. Ukiweza, chukua nafasi ya saa moja asubuhi. Pia waombe wakuandikie mazoezi ya nyumbani, maana wasipoulizwa husahau.

Mwezi wa 10 nilipimwa tena: asilimia 93. Jumamosi iliyofuata nilicheza dakika 20, nikageuka kwa mguu uleule wa kushoto, goti likatulia.