Tuisheni ya Kiingereza ya jioni huku Nkuhungu: miezi saba ya binti yangu, na pale wazazi tulipoharibu wenyewe

Naona kila siku mtu anauliza tuisheni gani ya Kiingereza hapa Dodoma inafaa mtoto wa fomu wani au fomu tuu, na majibu ni yale yale, "nzuri tu mpeleke", "watoto wanafaulu", basi. Asa mi binti yangu kakaa pale miezi saba, toka wa nne mpaka wa kumi, kwaiyo niacheni niseme yote. Jina la kituo silitaji maana nina lawama, na ticha mwenyewe tunakutana nae sokoni tunasalimiana vizuri tu, ila wa Nkuhungu mkisoma mtajua.

Kwanza mjue mtoto alitokea wapi. Kasoma Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, kama wengi wetu, la kwanza mpaka la saba kila kitu Kiswahili isipokuwa kipindi cha Kiingereza chenyewe, alafu Januari anaingia shule ya kata anaambiwa bayoloji kwa kimombo, jografia kwa kimombo, hesabu kwa kimombo. Anakariri ukurasa mzima wa bayoloji neno kwa neno, ukimuuliza sasa hapa wanasema nini anaangalia dari. Fomu wani kamaliza Kiingereza akiwa na 31. Na fomu tuu kuna mtihani wa taifa, ukifeli unarudia darasa, kwaiyo nikaona hapa nikilala nimekwisha.

Ada ni elfu 25 kwa mwezi, jumatatu mpaka ijumaa, saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili. Ukumbi wa bati, viti vya plastiki, ubao mmoja. Mwezi wa saba ule upepo wetu ukianza vumbi linaingia mpaka kwenye meno, watoto wanarudi wamekuwa rangi ya barabara. Hayo nayavumilia, ndo Dodoma.

Sasa kilichonifurahisha. Miezi ile minne ya kwanza walikuwa wanasoma kitabu cha hadithi, kile cha dada dereva wa basi, waliosoma sekondari Bongo hamhitaji kutajiwa. Na yule ticha ana akili, kila kitu alikuwa anakifunga kwenye kile kitabu. Leo anatoa maneno kumi, maneno yenyewe mengi yanatoka kwenye kurasa watakazosoma kesho, mengine anaongeza mwenyewe. Mtoto haruhusiwi kunakili maana ya kamusi akaondoka, lazima atunge sentensi kwa kila neno, na sentensi iwe ya kitu alichokiona siku hiyo kwa macho yake, ukileta ya kwenye kamusi unafutiwa. Kesho yake wanasoma kwa sauti, kila mtoto aya moja, na yale maneno anakutana nayo mle ndani yakiwa kazini. Kwaiyo neno moja amelisikia, amelitafutia sentensi, alafu amelikuta kwenye hadithi, siku mbili mara tatu. Hapo neno linatokaje kichwani?

Mi nauza supu na chapati asubuhi, jioni nikimaliza hesabu ndo napitia daftari lake. Jamani lile daftari. Nimekuta humo, "My mother is reluctant to give me five hundred." Nikaenda kwenye kamusi kutafuta hilo reluctant, nikarudi nikamwita. Ukurasa mwingine, "Mlenda is slippery like soap." Mwingine, "The conductor scolded an old man because of two hundred shillings", hii kumbe aliiona kweli kwenye daladala ya kutoka Sabasaba na akanisimulia yote mpaka yule mzee aliposhuka. Unaona sasa, mtoto anaandika alichokiona, sio "the boy kicked the ball" ambayo tumeiandika wote na hatujui huyo boy ni nani.

Kuna jambo la he na she. Sisi tuna "yeye" moja, mwanaume yeye mwanamke yeye, kwaiyo watoto wanachapia hapo mpaka fomu foo. Na kwenye hadithi dereva ni mwanamke, mtoto akisikia dereva akili inampeleka kwenye he moja kwa moja. Ticha akawaambia mtu akisema he kwa yule dereva darasa zima lipige kelele "ni dada yule!" Binti yangu anasema wiki ya kwanza kelele zilikuwa kila baada ya dakika mbili, wiki ya nne wakawa wanavizia tu nani akosee wapate kupiga kelele, hakosei mtu. Mpaka leo nyumbani mdogo wake akichapia anasikia hiyo hiyo.

Grama ndo iliyonifanya nikaona hela yangu haijapotea. Mi fomu foo nimemaliza 2003, hakuna aliyewahi kunieleza hiki kitu. Tulifundishwa -me- ni have au has, ukaishia hapo. Kwaiyo mtoto anaandika "I have tired", "he has worn uniform", "she has sat on the chair" na kwa kichwa cha Kiswahili hajakosea popote, si nimechoka, amevaa, amekaa? Ticha akachora mstari katikati ya ubao. Huku akaandika amefika, amevunja, amelipa, akasema hapa kitendo kimeshafanyika, weka has. Huku akaandika amelala, amekaa, amevaa, amesimama, amechoka, akasema hapa Kiswahili kinakwambia mtu yuko katika hali gani saa hii, Mwingereza anasema is sleeping, is sitting, is wearing, is standing, is tired. Alafu akawaambia kila mmoja achungulie nje ya dirisha amwangalie mtu mmoja amwelezee. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimemletea koti, nikajikuta na mimi namwangalia bodaboda wa pale nje, he is wearing a jacket, he is sitting, nacheka mwenyewe.

Na ile ya kujibu swali la kukanusha. Sisi mtu akikuuliza "hujala?" na kweli hujala, unasema "ndiyo". Kwa Kiingereza unatakiwa useme no. Kumbe binti yangu shuleni alishaulizwa "didn't you finish the work?" akajibu "yes madam" kwa maana ya ndiyo sijamaliza, madamu akamwambia lete nione, hamna kitu, akaonekana muongo mbele ya darasa. Kaja kuelewa kosa lake tuisheni, mwaka mzima baadae. Hizi ndo sehemu ambazo mwalimu asiyejua Kiswahili vizuri hawezi kumsaidia mtoto wako, na ndo maana hizi mbwembwe za "darasani ung'eng'e tupu toka siku ya kwanza" mi sizipendi. Mtoto anakaa kimya tu, na wewe mzazi unalipia kimya.

Borrow na lend, since na for, hayo waliyapita, kawaida.

Haya, sasa mabaya. Mwezi wa nane, mtihani umekaribia, grupu la wazazi la watsapu likachafuka. Mzazi mmoja akaandika watoto kila siku wanasomewa hadithi tu, yeye kalipia Kiingereza sio ngano. Mwingine akasema shule fulani mtoto wa jirani ana desa la kurasa 60, lina kila kitu, dhamira, wahusika, maswali na majibu. Mama mwingine, ticha tunaomba mfanye ya mtihani sasa. Ujumbe kama thelathini hivi usiku mmoja, wote upande mmoja. Na mimi niseme ukweli wangu, niliweka dole la kukubali. Nilikuwa nimechoka, nikasoma juu juu, nikaona wengi wameweka dole, nikaweka.

Jumatatu kitabu kikafungwa. Wakaanza kuandikishwa notsi, dhamira ya kwanza, dhamira ya pili, mhusika fulani sifa zake tano. Na kwa kuwa hakuna kurasa za kesho, maneno kumi ya kila siku yakawa yanatoka kwenye orodha ya kamusi kwa alfabeti. Kweli kabisa. Abandon, abdomen, abolish, absorb, wiki sita wamefika C. Nikafungua daftari nikakuta "I abolish my mother." Nikamuuliza ina maana gani hii, akasema hajui ila neno ni kitenzi na sentensi inataka mtendwa, kwaiyo kaniweka mimi. Yule yule aliyeandika konda alivyomfokea mzee!

Hata ile grama ikapooza. Zamani past tense walikuwa wanaichimba kwenye hadithi, nani alifanya nini baada ya nani, sasa ikawa ni jedwali ubaoni, go went gone, eat ate eaten, nakili nenda nyumbani.

Nikamfuata ticha baada ya kipindi. Nikamwambia kwa heshima, ticha mbona mtoto kama amerudi nyuma. Akaninyooshea simu yake, akafungua lile grupu, akateremsha taratibu mpaka kwenye ule usiku. "Mama, ninyi ndo mlisema." Na dole langu lipo pale, la rangi ya njano. Nikakosa pa kuangalia.

Ila nae simwachii hivi hivi. Ticha wewe ndo mtaalamu, mimi ni muuza supu, nikikwambia chumvi iwekwe kwenye chai utaweka? Ungetukatalia. Ungetuita kikao ukatusomesha kama ulivyowasomesha watoto ile -me-. Aliogopa tutahamisha watoto, na sidhani alikosea kuogopa, huku mtaani kwetu vituo vimeota kila kona toka serikali ihamie Dodoma, ukimuudhi mzazi leo kesho yupo kituo cha Area C.

Tulichokubaliana ni kusoma kitabu jumamosi asubuhi kwa wanaotaka, elfu 5 zaidi kwa mwezi. Wakajitokeza watoto kumi na moja. Nakala zilikuwa tatu, watoto wanne kwenye nakala moja, mmoja anasoma kichwa chini, kwaiyo nikaenda mjini nikamnunulia ya kwake. Wakamaliza hadithi yote. Na nawaambia, swali la vitabu kwenye mtihani wa majaribio yeye alijaza ukurasa na nusu kwa maneno yake, wale wa notsi waliandika zile sifa tano, na watoto saba waliandika sifa zile zile kwa mpangilio ule ule na kosa lile lile la spelingi. Kiingereza chote alipata 57. Mtihani wa taifa wameshafanya, tunasubiri Januari.

Mengine ya kujua kabla hujalipa. Watoto ni zaidi ya arobaini kwa mwalimu mmoja, madaftari wanasahihishiana wenyewe, kwaiyo usitegemee alama ya vyema, pitia mwenyewe hata kama Kiingereza chako cha kubahatisha. Mwezi wa sita walifunga wiki mbili na ada wakachukua nzima, nilipouliza nikaambiwa "utaratibu wa kituo", huo utaratibu haujaandikwa popote. Ijumaa kuna kijana anashikilia kipindi, mchangamfu, watoto wanampenda, ila r na l zake zinabadilishana viti, nilimsikia anasema "let us pray" nikafumba macho kumbe wanataka kucheza mchezo wa maneno. Choo ni kimoja na hakina mlango wa kueleweka, kwa watoto wa kike hilo ni tatizo na nimeshasema mara tatu. Saa kumi na mbili wakitoka giza linakaribia, barabara ya nyuma haina taa, panga na majirani watoto watembee pamoja. Viti navyo havitoshi, anaechelewa anasimama au anakalia ndoo, kwaiyo mpe mtoto kigoda chake na kiandikwe jina.

Nikiulizwa nyota ngapi nasema kwa miezi minne ile ya mwanzo nne na nusu, kwa zile wiki za alfabeti moja, na hiyo moja ni ya ticha kukubali kuongea na mimi.

Mdogo wake kamaliza la saba mwezi wa tisa, nimempeleka hapo hapo pre-fomu wani, elfu 40 mpaka shule zifungue. Nimemwambia ticha huyu asiandikishwe notsi hata mstari mpaka amalize kitabu kizima, hata wazazi wengine wakiandika nini kwenye grupu. Akacheka, akanipa karatasi na peni, akasema mama andika hayo maneno hapo chini usaini, ili baadae usinigeuke. Nimesaini.