Mwaka Mmoja na Msaidizi wa Akili Mnemba: Tathmini ya Mwenye Biashara

Kampuni niliyoianzisha hutengeneza na kuuza viti vya ofisi, ina watu watano, na kwa mwaka mzima imekuwa ikilipia akaunti za msaidizi wa akili mnemba, yaani programu ya jamii ile iliyoanza kuvuma OpenAI ilipoifungulia umma ChatGPT mwezi Novemba 2022. Jina la huduma tunayoitumia nimeliacha kando, kwa kuwa sifa na kasoro nilizoziona ni za zana hizi kwa jumla.

Kazi iliyonifanya niiheshimu ni ya kusoma, wala si ya kuandika. Malalamiko ya wateja yalikuwa yamerundikana kwa miezi, na kila mmoja wetu alikuwa na nadharia yake juu ya chanzo chake, yangu ikiwa ni magurudumu. Niliyaondoa majina na namba za simu, nikayapachika yote kwa pamoja, kisha nikaiagiza iyapange kwa kufuata chanzo cha tatizo na chini ya kila kundi inukuu maneno ya mteja mwenyewe. Magurudumu yalitokea karibu na mwisho. Kundi kubwa kuliko yote lilihusu karatasi ya maelekezo, kwa sababu mchoro wa ukurasa wa nne ulionyesha skrubu ndefu mahali panapostahili fupi. Tulimwaga mfuko wa skrubu mezani, tukaunganisha kiti kwa kuufuata mchoro wetu wenyewe, na ncha ya skrubu ikachomoza kwenye kitambaa cha kukalia. Karatasi hiyo nilikuwa nimeiidhinisha mimi.

Hata hivyo, kati ya nukuu ilizonipa, mbili hazikuwamo katika barua yoyote. Nilizishuku kwa sababu zilikuwa fasaha mno, na mteja aliyekasirika haandiki hivyo. Programu hizi hubashiri kipande cha neno kinachofaa kufuata kingine, kwa hiyo nukuu ya kweli na nukuu ya kubuni hutoka kwa sauti ileile ya kujiamini. Tangu siku hiyo kila nukuu hutafutwa katika barua ya asili kabla haijafika kwenye kikao.

Kuiachia ijibu wateja bila mtu kuipitia lilikuwa kosa langu la pili. Katika wiki ya kwanza ilimwahidi mteja dhamana ya miezi 24, ilhali yetu ni ya miezi 12 na programu haikuwa imepewa hati inayosema lolote kuhusu jambo hilo. Ilipokosa jibu ilijaza pengo. Tuliitimiza ahadi ile, na nadhani tulifanya vyema, kwani mwezi Februari 2024 baraza la usuluhishi katika jimbo la British Columbia nchini Kanada liliiamuru Air Canada imfidie abiria aliyepotoshwa na roboti ya mazungumzo kwenye tovuti yake, baada ya kuikataa hoja ya kampuni hiyo kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Mwezi huohuo Klarna, kampuni ya malipo ya mtandaoni ya Uswidi, ilitangaza kuwa msaidizi wake anafanya kazi ya wahudumu 700; mwaka 2025 ikarudi kuajiri watu wa kuzungumza na wateja. Kwetu sasa programu huandaa rasimu, na anayebonyeza kitufe cha kutuma ni binadamu.

Kwenye hesabu sina mengi ya kusema: huandika vizuri fomula za jedwali, lakini majumlisho yenyewe nayaacha kwa jedwali.

Kiswahili chake kinastahili neno la ziada. Sarufi ni nzuri kuliko nilivyotarajia, ila barua zake huanza kwa “Natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa salama”, sentensi ambayo sijawahi kumsikia mtu akiitamka. Dawa niliyoipata ni kuipa barua tano nilizoziandika mwenyewe na kuiagiza ifuate mwendo wake, na hapo marekebisho yangu hupungua kuwa ya neno moja moja.

Kwa mwanzilishi mwenye kumbukumbu nyingi zilizoandikwa na muda mchache wa kuzisoma, huduma hii inalipa. Kwa yule ambaye bei, masharti ya dhamana na taratibu zake bado ziko kichwani, nashauri aziandike kwanza, maana programu itamtungia zake. Mkataba wa mwaka ulipokwisha nilipunguza akaunti kutoka tano hadi mbili: moja ya mhudumu wa wateja, ambaye huandaa rasimu zake hapo kila siku, na moja yangu. Fundi wetu mkuu aliirudisha yake bila kinyongo, akieleza kwamba aliitumia mara moja tu, kuiuliza urefu wa skrubu, na ikakosea.