Programu ya nywila kwenye simu, kompyuta ya ofisi imefungwa kila kona: uzoefu wangu

Naandika hasira haijaisha, mnisamehe. Jina la programu silitaji maana ugomvi wangu si na yenyewe. Au ni na yenyewe kidogo, mtaona.

Ni hizi programu za kutunza nywila. Unakariri nywila moja kubwa, hizo nyingine mia na kitu inakutunzia na kukujazia. Kwenye simu sina neno nayo. Benki, barua pepe, akaunti ya ada za watoto, zote zina nywila ambazo hata mimi mwenyewe sizijui, na usingizi napata.

Shida ni kazini. Mimi ni mhasibu, hapa Dar. Kompyuta niliyopewa imefungwa utadhani ndani mna dhahabu: kusanikisha kitu mpaka ruhusa, kijiprogramu cha kwenye kivinjari kimezuiwa, tovuti yake ukiifungua unaletewa ukurasa mwekundu, flashi ukichomeka haisomi. Na hapohapo mfumo unakutaka ubadilishe nywila kila siku 30! Watu wanafanyaje? Wanaongeza namba. Mzee wetu wa stoo ni Yanga damu, nywila yake ofisi nzima tunaijua, kinachobadilika ni tarakimu ya mwisho tu. Ya dada wa mapokezi iko chini ya kibodi, kwenye kikaratasi cha njano.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikaiambia programu initungie nywila ya herufi 24 kwa ajili ya mfumo wa mishahara, nikawa naisoma kwenye simu na kuigonga kwa mkono kwenye kompyuta. Jaribuni siku moja. Hii ni l ndogo, I kubwa, au ni 1? Hiyo sifuri au O? Ukifika herufi ya 17 simu inazima taa. Unaanza upya.

Sasa, mwezi uliopita au wa juzi yake, ikafika tarehe 6. Wahasibu mnanielewa: PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) mwisho ni tarehe 7, na bila mfumo wa mishahara sina hata cha kujaza kwenye ritani. Wiki hiyo nilikuwa nimehamishiwa kompyuta nyingine. Nikagonga nywila, ikakataa. Nikagonga polepole, kidole kimojakimoja kama nachambua mchele, ikakataa. Ya tatu, akaunti ikafungwa.

Nikampigia kijana wa IT. Alikuja baada ya saa nzima, soda mkononi. Nikamweleza. Akacheka, jamani, akacheka mbele za watu: "Dada, si uandike kwenye daftari kama wenzako? Mambo ya kwenye sinema unatuletea hapa ya nini?"

Damu ilinichemka. Nikamwambia, mdogo wangu, wewe ndiye ulitakiwa kunifundisha haya. Nikamtajia NIST, ile taasisi ya viwango ya Marekani, ambayo tangu 2017 inasema watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda kama hakuna dalili kwamba imevuja, na kwamba mifumo iwaache watu wabandike nywila ili programu hizi zitumike. Akanijibu kwa LastPass, mojawapo ya programu hizi za nywila: 2022 si waliibiwa nakala za hazina za wateja, yaani mafaili yenye nywila zao zote? Kweli waliibiwa. Lakini nywila zilizokuwemo zilikuwa zimefichwa kwa nywila kuu ya kila mtu, na wa kuhangaika zaidi ni yule aliyeweka ya hovyo. Daftari likiibiwa je, limefungwa na nini? Hapo alinyamaza, akanywa soda.

Akafungua akaunti. "Andika tena nione." Nikagonga, yeye kasimama nyuma ya bega langu. Ikakataa. Akasema fungua ukurasa mtupu, bonyeza Shift na 2. Nikabonyeza. Badala ya @ zikatoka alama za kunukuu.

"Dada, kibodi hii ni ya Kimarekani. Kompyuta imeambiwa ni ya Uingereza."

Yaani @ na alama za kunukuu zilikuwa zimebadilishana viti, na kwenye kisanduku cha nywila unaona vidoti vitupu, utajulia wapi? Akabofya mara mbili tatu, nikaingia. Kijana yuleyule! Nilimshukuru kwa shingo upande.

Na kabla hajatoka akaongeza jambo ambalo linaniuma kulikubali. Kwamba hata siku wakiniruhusu, nisije nikaiandika ile nywila kuu kwenye mashine ya ofisi, maana zimewekewa vyeti vya kidijitali vya kampuni, vinavyoiruhusu kufungua mawasiliano ya mtandaoni yaliyofichwa, na wakitaka kuona kinachopita wanaona. Nilitaka kubisha, nikakosa la kusema. Kompyuta si yangu. Nikifungua hazina yangu humo, benki yangu na barua zangu zote nimezianika uani kwa mwajiri. Kwa hiyo nusu ya hasira yangu ilikuwa ya bure. Nusu tu. Ofisi ingetuwekea programu yake kwa ajili ya nywila za kazi, nisingekuwa nasoma simu kama nasoma dua. Ombi hilo nimeliandika, nikamtumia yeyeyule.

Kwa sasa nywila za kazi natumia maneno. Jioni mwanangu anafunika macho, anafungua kamusi, anaweka kidole, mara tano. Inatoka kitu kama mbuyu-karani-ukoko-tandika-pweza (si hiyo, msijisumbue). Naongeza herufi kubwa na namba mfumo uridhike. Hamna l wala I ya kukodolea macho, na kistari kipo palepale kwenye kibodi zote mbili.

Nyota: kwenye simu tano. Kwa kazini nilishaandika moja, nikafuta, nikaweka tatu, maana kosa la kibodi halikuwa lake. Halafu juzi, napekua mipangilio, nakuta kisanduku cha kutiki cha kuepuka herufi zinazofanana. Kilikuwepo muda wote. Sijui hasira hii niipeleke kwa nani. Iwe nne.

Ombi langu kule IT bado linasoma "linashughulikiwa".