Chuo Kipi cha Marekani Kinarudisha Gharama? Mpangilio Wangu wa Machaguo

Bei inayotangazwa na chuo iache kwanza. Kwenye vyuo vingi binafsi vya Marekani ni bei ya kuanzia tu, na wanaoilipa yote ni wachache. Cha kulinganisha ni gharama halisi: ada, malazi, chakula na vitabu, ukitoa ruzuku na ufadhili usiorudishwa. Tangu 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za msaada za serikali kuu viweke kikokotoo cha gharama hiyo kwenye tovuti zao. Kitumie kabla hujalipia ombi lolote.

Barua ya msaada wa fedha isome ukiwa na kalamu mkononi. Vyuo vingine hupanga mikopo pamoja na ruzuku, vikajumlisha, na jumla ikaonekana kama zawadi. Futa mikopo yote. Futa na kibarua cha chuoni, maana huo ni mshahara wa jasho la mwanao na hautoki mpaka afanye kazi. Kinachobaki ndicho msaada. Kisha uliza kama ruzuku ni ya miaka yote minne au ni ya mwaka wa kwanza tu, na ni alama zipi zikishuka inafutwa.

Upande wa mapato, Wizara ya Elimu ya Marekani ina tovuti iitwayo College Scorecard, ambako kipato cha kati cha wahitimu (nusu yao hupata zaidi, nusu pungufu) huonyeshwa kozi kwa kozi. Hapo ndipo jina la chuo hupungua uzito: muuguzi aliyetoka chuo cha kawaida cha jimbo anaweza kumwacha mbali kwa mshahara mhitimu wa maigizo wa chuo kinachojulikana dunia nzima. Lakini takwimu hizo ni za waliopokea msaada wa serikali kuu tu, kwa hiyo mwanafunzi wa kigeni hayumo. Na mapato ya kozi ni ya waliomaliza. Kabla ya kuyatazama, tazama ni wangapi wanaohitimu, kwa sababu anayeishia njiani hubaki na deni bila shahada.

Sasa mpangilio wenyewe. Namba moja naipa chuo tajiri kinachofidia hitaji lote la familia, yaani pengo kati ya gharama na uwezo wake wa kulipa. Ndiyo, kuingia ni kugumu mno. Lakini Harvard, kuanzia mwaka wa masomo wa 2025–26, haiidai chochote familia yenye kipato cha dola 100,000 au chini yake kwa mwaka. Hiyo, pamoja na Yale, Princeton na MIT, hukubali hata waombaji wa kigeni bila kuangalia mfuko wao. Familia nyingi za kipato kidogo hazijaribu kwa kuogopa ile bei ya tangazo.

Namba mbili ni chuo cha umma cha jimbo unaloishi, kwa kozi yenye ajira. Kwa familia nyingi hiki ndicho chaguo la kweli, na mwanafunzi akilala nyumbani gharama hushuka zaidi. Anayestahili Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, huongezewa hadi dola 7,395 kwa mwaka (2025–26), na hazirudishwi.

Namba tatu ni miaka miwili ya chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili) kisha kuhamia chuo kikuu. Kwa bei hakuna kinachokishinda, ila wengi wanaoanza na nia hiyo hawahamii kamwe. Kichague pale tu penye makubaliano ya maandishi kwamba masomo yote yatahesabiwa.

Namba nne ni chuo binafsi cha kawaida chenye “ufadhili” mnono. Punguzo la dola 25,000 si kitu kama bado unadaiwa 35,000 kila mwaka. Chuo cha umma cha jimbo jingine nakiweka hapohapo: ada ya mgeni, msaada kiduchu. Mwisho kabisa ni vyuo vinavyoendeshwa ili kumpa mwenye chuo faida. Corinthian ilifungwa 2015, ITT Tech ikafuata 2016, wanafunzi wakaachwa katikati ya masomo.

Kwa yeyote anayekopa, kipimo changu ni dola 27,000. Ndicho kikomo cha kawaida cha mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi, kwa miaka minne. Kwa riba ya asilimia 6, ukilipa kwa miaka kumi, ni kama dola 300 kila mwezi, mzigo ambao mishahara mingi ya mwanzo hubeba. Mpango unaodai zaidi ya hapo humwangukia mzazi kupitia Parent PLUS (mkopo wa serikali kuu kwa wazazi) au benki, na hapo ndipo mimi ningekikataa chuo hata kama mtoto analia.

Na usikubali barua ya kwanza kimyakimya. Ukipata msaada mkubwa zaidi kwa mshindani, au kipato cha nyumbani kikishuka, iandikie ofisi ya msaada wa fedha uombe hesabu ipitiwe upya, ukiambatanisha ushahidi. Fanya hivyo mapema Aprili, maana vyuo vingi hutaka jibu kufikia Mei 1.