Friza, waranti ya mwaka mmoja na boksi la vifaranga

Duka la vifaa vya umeme pale Moshi mjini, jina silitaji maana bado tunazungushana. Kwenye kuuza hawajambo, dada wa kaunta mcheshi, friza wakaniwashia palepale nikaweka mkono nikasikia baridi, wakashusha mpaka laki saba na themanini na kirikuu ya kunifikishia Pasua wakalipa wao.

Mwezi wa saba tangu niinunue, taa inawaka ila haigandishi, maziwa ya biashara yote yakachacha. Nikaenda na kikadi changu cha waranti bila wasiwasi. Wakataka risiti, naitoa kwenye pochi ni karatasi nyeupe peee, wino wa EFD ulishafutika, bahati niliipiga picha siku ileile kuwaonyesha wenzangu wa kikoba. Likaja la boksi, eti kitu kinapokelewa kikiwa kwenye boksi lake, boksi lenyewe nililelea vifaranga na wengine tumeshawala! "Mama si imeandikwa nyuma ya kadi." Nikageuza, kweli ipo, maandishi kama sisimizi.

Baada ya kelele wakaichukua, wiki tano kwa fundi wao, majibu yakarudi kwamba umeme ulipanda ukaua kompresa kwahiyo waranti haihusiki, niongeze laki na tisini. Mmejuaje ni umeme? "Fundi ndo kasema." Fundi huyohuyo wanamlipa wao. Na zile wiki tano zimehesabiwa ndani ya mwaka wangu.

Hapa ndo nasema sheria iguswe. Tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003 na FCC, yaani Tume ya Ushindani, na ile ya zamani ya uuzaji wa bidhaa inataka kitu kifae kwa kazi uliyokinunulia, sawa, ila kile kikadi unakuta muuzaji kajiandikia masharti anavyojisikia. Uingereza kwa sheria yao ya 2015 una siku 30 za kurudisha kitu kibovu upewe hela yako, na kikisumbua ndani ya miezi 6 ni muuzaji ndo athibitishe kwamba kilitoka dukani kizima. Hizo siku 30 mi hata siombi, nipeni hilo la pili, ingawa kwa mafriza ya huku miezi 6 haitoshi, iwe mwaka, na kitu kikiwa kwa fundi siku zisihesabiwe.

Kompresa nimeweka kwa fundi wa mtaani, laki na ishirini, inagandisha mpaka mfuniko unang'ang'ania. Nyota mbili, moja ya dada wa kaunta, moja ya kirikuu.