Miche ya viungo kutoka kitalu cha kando ya barabara: tathmini baada ya miezi tisa

Mwishoni mwa Februari nilinunua miche sita ya viungo katika kitalu kimoja hapa Dar es Salaam, kitalu kisicho na jina wala kibao, ambacho viriba vyake, yaani vifuko vya kuoteshea miche, vimepangwa chini ya mwarobaini hatua chache kutoka kituo cha daladala. Nililipa shilingi 14,000 kwa jumla: mchaichai, mnanaa na mrehani kwa 2,000 kila mmoja, rozimeri kwa 5,000, na miche miwili ya giligilani kwa 3,000. Nimesubiri hadi Novemba kuandika tathmini hii kwa sababu mche wowote hupendeza siku ya kununuliwa, na thamani yake huonekana baada ya kupita masika, kipupwe na jua la baadaye.

Nianze na mchaichai, kwa kuwa ndio ulionirudishia fedha zangu zote. Ulikuwa na mashina matatu tu, lakini udongo wa kiriba ulikuwa umechanganywa vizuri na samadi iliyooza na pumba za mpunga, na nilipokichana nilikuta mizizi myeupe ambayo haikuwa imejikunja chini. Niliuhamishia kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa matundu. Kufikia Julai ulikuwa kichaka, nikauchimbua, nikauchana mashina, nikawagawia majirani wanne na bado nikabaki na fungu la kutosha. Majani ya nje nayakata kwa kisu kwa ajili ya chai, maana ukiyavuta kwa mkono kingo zake hukata vidole. Sehemu nyeupe ya chini ya shina naiponda na kuitia katika supu ya samaki, kisha naiondoa kabla ya kupakua. Tangu Mei sijanunua majani makavu ya dukani, na sioni sababu ya kuyarudia, kwa sababu harufu ya jani lililokatwa dakika tano zilizopita haifanani kabisa na ya lile lililokaa kwenye pakiti kwa miezi.

Mnanaa nao ulikuwa mzima, ingawa ulinisumbua kwa kosa ambalo si la muuzaji. Mtaani kwetu maji ya bomba hukatika mara kwa mara, na maji ya kisima tunayotumia badala yake yana chumvi. Baada ya wiki mbili za kumwagilia maji hayo kingo za majani zilianza kukauka na kuwa za kahawia. Nilipoanza kukinga maji ya mvua na kuuhamishia upande unaopata jua la asubuhi peke yake, ulichipua upya kutoka chini. Ninayemshauri kuununua namwomba aupe chombo chake mwenyewe, kwa sababu mashina yake hutambaa chini ya udongo na kuisonga mimea mingine.

Lawama yangu kubwa ni juu ya mrehani. Nilichouziwa kwa jina hilo kilikuwa kivumbasi. Mimea hii miwili ni ya jamaa moja na miche yake michanga hufanana, lakini kwa mtu anayeishi kwa kuuza mimea, tofauti hiyo ni jambo la msingi. Mrehani una harufu tamu, ile tunayoijua kutoka kwenye kikuba, kile kifungu cha kujipamba kwa harufu, pamoja na asumini. Kivumbasi kina harufu kali inayokaribia kafuri, na kwangu hakifai katika mchuzi. Nilirudi na tawi mkononi. Mwenye kitalu, mzee mwenye heshima zake, alilinusa na kukiri mara moja, akasema, "Samahani mwanangu, kijana ndiye aliyechanganya viriba." Alitaka kunipa mche mwingine lakini mrehani ulikuwa umekwisha, wala hakujitolea kunirudishia fedha. Kivumbasi nimekiacha karibu na dirisha, kwa kuwa wazee wetu walikitumia kufukuza mbu, na jioni nikikitikisa nyumba nzima hunukia. Hata hivyo, sicho nilichokwenda kununua.

Giligilani ni suala la namna nyingine. Haikuwa na ugonjwa, wala sikudanganywa jina lake, lakini naona haifai kuuzwa kama mche. Mmea huu una mzizi mkuu mmoja unaokwenda chini, na haupendi kuhamishwa. Ukisumbuliwa, hasa katika joto la Februari na Machi, huacha kutoa majani na kukimbilia maua. Yangu ilitoa maua ndani ya wiki tatu, nami nilikuwa nimechuma majani ya kachumbari mara mbili tu. Mwezi Juni, kipupwe kilipoingia, nilichukua punje za giligilani nzima nilizokuwa nazo jikoni, nikazikandamiza taratibu kwa chupa zipasuke, maana kila punje ina mbegu mbili ndani, nikazisia moja kwa moja kwenye beseni kuukuu lenye matundu. Zilichelewa kuota, karibu wiki mbili, lakini zilinipa majani hadi mwisho wa Agosti. Muuzaji mwaminifu angemwambia mteja hivyo, hata kama angepoteza shilingi 1,500 kwa kila kiriba.

Rozimeri ilikufa wakati wa masika. Iliuzwa ndani ya chungu cha plastiki chenye tundu moja dogo lililozibwa na udongo mzito, nami sikuligundua hadi majani yalipoanza kupukutika na mizizi ikawa imeoza. Mmea huu unataka udongo wa kichanga unaopitisha maji upesi, na chungu hicho kilikuwa kinyume chake. Hapa kosa tunagawana: yeye alichagua chungu, mimi sikukigeuza nikakitazama chini.

Kwa ujumla ningekipa kitalu hiki alama tatu kati ya tano. Udongo wa viriba vyake ni bora kuliko wa vitalu vingine viwili nilikowahi kununua miche, bei haziumizi, na mzee mwenyewe, ukimkuta, hujibu maswali kwa subira. Kinachopungua ni vibandiko vya majina na vijana waliofundishwa kutofautisha mimea. Wanaotaka mchaichai au mnanaa waende bila wasiwasi. Mimi nitarudi wiki ijayo, kwa sababu ameniambia miche ya mrehani imeshafika, na safari hii nitasugua jani na kulinusa kabla ya kutoa fedha.